Maji ya Mgongoni

Ningeanza na mfuko wenyewe, lakini mfuko wa maji bila kiu ni kitambaa tu, kwa hiyo acha nianze na kiu.

Mtoto wetu wa mwisho anakimbia. Sisemi kukimbia bunduki. Hizo sisi watu wa Kisangani tumezikimbia vya kutosha na leo sina hamu nazo. Anakimbia kwa kupenda. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kabondo, ana mume na watoto wawili, na asubuhi, kengele ya shule haijalia, ameshafika upande wa kambi ya Kapalata na kurudi, ameoga, amevaa kitenge, anakwenda kufundisha. Zamani watu walimpigia kelele njiani: "Mama, mwizi amepita wapi? Tukusaidie!" Siku hizi wakimwona anatembea ndiyo wanauliza kama anaumwa.

Sasa, kuna vijana wapenda michezo hapa mjini ambao huandaa mbio za msituni. Watu wanapelekwa mbali, kijiji kimoja ndani ya msitu, wanaachwa pale asubuhi, kisha wanakimbia kwa njia ya miguu mpaka ukingo wa mto kule Yangambi. Zaidi ya kilomita hamsini. Matope, magogo yaliyoanguka, madaraja ya miti miwili. Mwaka juzi binti yetu aliingia. Waliwaambia, msibebe kitu, vijijini kuna madumu ya maji. Na kweli yalikuwepo. Lakini waliotangulia, wale wenye miguu ya swala, walikunywa wakashiba, halafu wakajimwagia vichwani wapoe. Binti yetu si wa mbele. Alipofika alikuta madumu yamelala ubavu. Alikuwa na chupa moja mkononi, ikaisha, na jua likampata mahali ambapo msitu umekatwa kwa mashamba.

Alirudishwa kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva asidondoke, kichwa kinayumba. Kama mzigo wa makemba, ndizi za kupika. Mume wake alikuwa amesimama mwisho wa mbio anamngoja, mimi kando yake, na akaiona pikipiki ile ikija.

Mkwe wangu ni mtu wa ofisi, mtu wa shati lililopigwa pasi, hana kelele. Alikuja kwangu baada ya wiki moja hivi, akakaa, akageuza kofia yake mikononi.

"Papa, mimi sitamukataza," akasema. "Anapenda. Lakini nikimuona tena namna ile, bon, itakuwa mwisho. Nitamuambia inatosha. Na wewe, papa, utanisaidia kumuambia."

Nilikubali. Mimi pia nilikiona kile kichwa kinavyoyumba.

Binti alipoambiwa hakulia wala hakubishana. Alifikiri kidogo, akasema, "Donc miguu haikuniangusha. Mayi ndiyo iliniangusha. Nitabeba mayi yangu." Akanionyesha kwenye simu picha ya Wazungu wanakimbia milimani na mifuko midogo mgongoni. Ndani ya mfuko kuna kifuko laini cha kutia maji, na mpira mwembamba unapita begani mpaka karibu na mdomo. Unang'ata ncha, unanyonya, mikono iko huru, unakimbia. Nikasema, hii ni kama titi. Akasema, ndiyo papa, ni titi ya plastiki.

Basi mbio za mwaka uliofuata zilipokaribia, ikawa kazi ya kutafuta mfuko.

Hapa lazima nijisifu kidogo. Mimi kubeba nakujua. Shule niliiacha nikijua kuandika jina langu na kusoma polepole, lakini miaka mingi niliendesha toleka, ndivyo tunavyoiita baiskeli ya kubeba abiria, na kabla ya abiria nilibeba maji. Bidoni, yaani madumu, za njano, pande zote mbili za baiskeli. Na nitawaambia kitu: bidoni iliyojaa ni mzigo, lakini bidoni iliyojaa nusu ni adui. Ukienda kulia maji yanakwenda kushoto. Ukifunga breki, maji hayajui kwamba umefunga breki. Niliwahi kutupwa mtaroni na nusu bidoni mbele ya kanisa, watu wanatoka ibadani, na mchungaji mwenyewe akanishika mkono kuniinua huku anacheka. Basi nilimweleza binti yangu habari hiyo yote njia nzima ya kwenda sokoni, kwamba maji yakipungua kifukoni yatamtikisa, achunge sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, mtoto mwenye adabu. Kisha akasema, "Papa, wanageuza kifuko juu chini, wananyonya ile hewa yote. Hewa ikitoka, mayi haitikisike."

Tukaendelea kutembea.

Mke wangu hakwenda nasi, miguu yake imevimba. Lakini alitupa agizo mlangoni. "Mufuko ukae kama mutoto," alisema. "Mutoto mwenye alifungwa vizuri anakaa juu, kati ya mabega, na fundo iko juu ya kifua. Akishuka mpaka kwa matako, atalia, na wewe utaumwa kiuno. Ule mufuko usichukue kama haukae namna ya mutoto."

Sokoni kuna mama mmoja mnene, anauza vitu vya balo, vitu vilivyokwisha kutumiwa kule Ulaya: viatu vya mpira, mikanda, makoti ya baridi ambayo hapa sijui yanamfaa nani. Alikuwa na vitu vitatu vya kubebea maji, vyote kwenye rundo moja na mikoba ya shule.

Cha kwanza kilikuwa mkanda wa kiunoni wenye pochi ya chupa. Binti alijifunga, akaomba maji kwa jirani, akajaza chupa, akaanza kukimbia. Pale pale, kati ya meza za sabuni na meza za samaki wa moshi. Mkanda ukateremka, chupa ikaanza kumpiga nyuma, pu, pu, pu.

"Papa," mama wa balo akaniuliza, "ule ananunua ao anaiba?"

"Anajaribu."

"Viatu watu wanajaribu. Sasa mukanda pia inajaribiwa na mbio?"

Wauza samaki wakampigia makofi alipopita mara ya pili. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu! Ukikutana na mume wangu huko mbele umurudishe!"

Cha pili kilikuwa fulana isiyo na mikono, yenye mifuko miwili kifuani ya kutia chupa laini. Nzuri, nyepesi, rangi ya bluu. Aliivaa, akaifunga, akapumua, akaifungua. Akasema inambana mahali ambapo Mzungu mwanaume aliyeivaa kwanza hakuwa na kitu. Mimi ni baba yake, sikuuliza zaidi. Tena chupa zenyewe zilikuwa ndogo, na yeye alitaka maji ya kumtoa kijiji kimoja mpaka kingine bila kumtegemea mtu.

Cha tatu ndicho chenyewe. Mfuko mdogo wa kijivu, mikanda mipana begani, mikanda miwili ya kufunga mbele, mmoja juu ya kifua na mwingine chini yake. Kifuko cha maji kilikuwemo ndani, na mpira wake, mzima. Alijaza, akakigeuza juu chini, akanyonya hewa, akafunga. Akakimbia mpaka mwisho wa safu, akaruka mtaro, akarudi. Mfuko haukucheza. Ulikaa juu, kati ya mabega. Nikamwambia zunguka, nikaangalia fundo. Lilikuwa juu ya kifua. Namna ya mtoto.

"Ni huu," akasema, na uso wake ulikuwa uso wa siku alipofaulu mtihani wa serikali.

Kasoro ilikuwa moja tu, harufu. Yule Mzungu sijui alitia kitu gani kitamu ndani, kikaoza. Ukinyonya ulipata maji yenye ladha ya soksi. Binti alisema atakiosha nyumbani kwake. Lakini alipita kwetu kumwonyesha mama yake, shule ikamwita, akauacha mfuko juu ya kiti.

Sasa sikilizeni jinsi sisi hapa tunavyoosha bidoni. Kila mtu anajua. Mkono hauingii mdomoni mwa bidoni, kwa hiyo unatia mchanga, unatia na vijiwe vidogo vya mtoni, maji kidogo, unafunga, unatikisa. Unatikisa kweli kweli, kwa mikono miwili, mpaka utelezi wote wa kijani ubanduke. Mke wangu ametoka familia ya wavuvi pale kwenye maporomoko. Mchanga na vijiwe kwake ndiyo sabuni ya kwanza aliyoijua. Akaona kifuko cha mtoto wake kinanuka. Nilikuwa nimekaa kizingitini natengeneza spika ya redio, nikamsikia uani anatikisa, cha-cha-cha, na anaimba wimbo wa kanisani. Nikafikiri, anaosha bidoni. Alitikisa kwa mapenzi yake yote. Kisha akakianika kwenye kamba, na kweli, harufu iliisha.

Binti aliporudi akashukuru, akambusu mama yake, akaenda na mfuko wake.

Zilibaki siku chache tu kabla ya mbio. Jumamosi akatoka kwa jaribio refu, akarudi mapema kuliko tulivyotazamia. Tulikuwa kwao, mimi na mke wangu, tumekaa na mkwe. Aliingia mgongo umelowa mpaka kwenye suruali, na midomo imekauka, nyeupe.

"Umetoka jasho sana," mume akasema.

"Si jasho." Akavua mfuko. Kifuko kilikuwa bapa kama ulimi. Akakijaza tena mbele yetu, na maji yakaanza kutoka kwenye matundu madogo madogo, hapa na hapa na hapa, kama kinatoa machozi.

Mke wangu alijiangalia mikono. Akasema polepole, "Ni majiwe yangu."

Na hapa ndipo lazima niwaeleze jambo la bokilo, yaani mkwe. Mke wangu alilelewa kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima. Mkwe akiwa na neno analipitishia kwa mtu, na mtu akikosekana analisema kwa kuku. Miaka yote hii, wale wawili hawajawahi kupeana hata "habari ya asubuhi" bila mimi au kuku katikati. Kwa hiyo mkwe hakuweza kugomba, na mke wangu hakuweza kuomba radhi. Alisimama, miguu yake ile iliyovimba, akatoka nje akakaa peke yake karibu na jiko.

Mimi nikasema nitaziba. Kuziba mipira ya baiskeli ilikuwa kazi yangu. Nikakwangua, nikapaka gundi, nikabandika viraka vya tyubu, nikakandamiza kwa jiwe, nikangoja. Kikikauka kilikuwa kizuri. Kikijazwa maji, viraka vilibanduka kimoja kimoja kama maganda ya ndizi iliyochemshwa. Tena maji yenyewe yalinuka gundi. Ukinywa unajiona umelamba gurudumu. Nikarudi kwa mama wa balo kutafuta kifuko kingine. Akacheka, lakini kwa huruma. "Papa, kitu ya balo haina pacha." Hata ile fulana ya bluu ilishakwenda, mvuvi mmoja ameinunua kwa ajili ya ndoana zake na tumbaku.

Nilirudi mikono mitupu. Binti akasema, "Bon. Nitakwenda na chupa mkononi." Ile ile ya mwaka juzi. Mume wake alisikia. Nilimtazama, na nasema ukweli, nilifikiri atafurahi kidogo moyoni. Angenyamaza tu, mke wake angeanguka, na neno lake la mwisho angekuwa nalo. Mtu anayeogopa anaweza kufanya hivyo na bado akawa mtu mwema.

Alitoka uani. Joto lilikuwa kali. Akamwita msichana muuza maji aliyekuwa anapita, akanunua kile kifuko cha plastiki chenye maji baridi, mayi ya pire tunavyokiita, akang'ata pembe, akatema kipande, akanyonya. Akasimama. Akakitazama kifuko mkononi. Akakibinya. Mke wangu alikuwa palepale jikoni, mimi mlangoni, na kuku wao mwekundu katikati.

"Kuku," mkwe akasema, "muambie mama kama mufuko ya muke wangu haikutoboka. Ni titi tu ilitoboka. Mufuko iko mzima. Mutu anaweza kuijaza na hizi. Moja ikipasuka, zingine zinabakia."

Mke wangu alimtazama kuku muda mrefu.

"Kuku," akajibu, "muambie bokilo kama zingine zinapasuka kwa mshono. Mimi mwenyewe nitazichagua."

Na alizichagua. Kesho yake alijikokota mpaka sokoni na miguu yake, akakaa kwenye benchi la muuza maji, na kila kifuko alikiweka chini yake akakikalia. Kizima alikitia kapuni. Dhaifu kilipasuka, pwaa, na maji yakatiririka chini ya benchi.

"Mama!" muuzaji akalia. "Unatafuta mayi ao unaatamia mayai?"

"Ninaatamia," akasema mke wangu, na kitenge chake kimelowa chote. "Leta ingine."

Siku ya kuondoka alivifunga mwenyewe. Alitandaza kipande cha kitenge cha zamani, akavipanga kama samaki kapuni, akakunja, akakaza, akatia mgongoni mwa mfuko mpaka hakukubaki nafasi ya kidole. Kikitumika kimoja, akamfundisha binti, unasimama kidogo, unakaza kitenge tena, unaendelea. Na usitupe plastiki msituni. Jioni akapika lituma, ndizi zile za kuponda, na samaki, akamlisha mtoto wake mwenye watoto wawili kama anamlisha wa kuachishwa ziwa.

Sisi tulitangulia Yangambi kwa mashua ya injini, mimi, mke wangu na mkwe. Sitaeleza safari, ingawa kulikuwa na mbuzi aliyekula kofia ya nahodha. Asubuhi ya mbio tulikaa chini ya kibanda cha makuti ukingoni, mahali walipofunga kamba ya mwisho. Jua likapanda. Nikamletea mke wangu maji. Akakataa. Nikafikiri hana kiu. Baadaye nikaona midomo yake.

"Kunywa, mama batoto."

"Mwenye kukimbia hajanywa na mimi ninywe? Nitakunywa akifika."

"Yeye anakunywa huko!"

"Nani amekuambia?"

Mkwe alisikia. Alinunua maji mwenyewe, akanipa mimi nimpe. Akakataa pia yale. Basi mkwe naye akakiweka chini kifuko chake, hakukifungua. Mimi nilikunywa. Mzee akianguka pale angewaongezea kazi tu.

Wakafika wale wa miguu ya swala. Wakafika wengine. Watu wakapiga kelele, wakachoka, wakaanza kuondoka. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea ng'ambo tuliposikia pikipiki ikitoka msituni. Dereva, na nyuma yake mtu amefungwa kwa kitambaa, kichwa kinayumba. Mkwe alisimama. Mke wangu alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi katika joto lile.

Alikuwa kijana, mwenye kaptura ya njano. Wakamlaza kivulini, wakamwagia maji. Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona.

Tukangoja tena. Kisha akatokea. Hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea, matope mpaka mapajani, goti moja linatoka damu. Lakini alitembea kwa miguu yake, na kichwa kilikuwa mahali pake. Akaivuka kamba. Waliokuwa nyuma yake sidhani kama walijaza benchi moja. Akatuona. Mume wake alikwenda kumshika, na yeye akasema, "Ngoja," akafungua mikanda ya kifua, akatia mkono nyuma ndani ya kile kitenge, kati ya plastiki tupu alizozikunja, akatoa kifuko kimoja kilichojaa. Kilikuwa moto kama chai.

"Mama," akasema, "hii ulikalia mpaka ikakuwa ngumu. Haikupasuka. Kunywa."

Mke wangu alikipokea. Akang'ata pembe, akatema, akanywa chote bila kupumzika, na maji mengine yakamshuka shingoni, nadhani pamoja na machozi, sikuangalia sana. Mkwe naye akafungua chake.

Lile neno "inatosha" hatukulisikia. Sikulidai.

Wiki iliyofuata nilipita kwao asubuhi. Nilimkuta mkwe uani, mikono ya shati ameikunja, beseni mbele yake, anaosha ule mfuko wa kijivu. Polepole, kwa sabuni na kidole. Mke wangu alikuwa amefika kabla yangu, amesimama anamtazama, na kuku hakuwepo. Nadhani alikuwa kwa jirani. Mkwe akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniona mimi niko mbali bado. Akainua macho.

"Mama," akamwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, "nitie mchanga?"

Mke wangu alijifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yakatikisika.

"Wacha, bokilo," akasema. "Suuza tu."